Misumari Mitano Kisiginoni

Katesh
19 Februari 2022

Mzee Gidahosh,

Shikamoo.

Mimi ni Shumbana, fundi katambuga wa hapa Katesh, yule uliyemwambia kwamba mdomo wake una kashata nyingi kuliko tairi. Ndiye pia niliyekuweka huko ndani. Nalitanguliza hilo usije ukasomewa nusu ya barua ukidhani ni mpwa wako anakuletea habari za ng'ombe.

Siandiki kuomba msamaha. Fundi haombi msamaha kwa kuijua kazi yake. Asubuhi ile ofisi ya kijiji chenu cha Murjanda ilipokutwa majivu, na mlinzi Qamara ndani yake, polisi walizunguka na utepe wao mpaka saa nne hawajaona kitu. Mimi nilikuwa nimepanda bodaboda kwenda kushangaa kama watu wengine. Nikainama mara moja tu. Nikawaambia huyu mtu kavaa katambuga ya tairi la Land Rover, kisigino kina misumari mitano, minne pembeni na mmoja katikati, ametoka mlangoni, amekwenda upande wa boma la Mzee Gidahosh na amepotelea kwenye mawe. Kiatu hicho nimekikata mimi. Wateja wangu wote nawapigia misumari mitatu. Mitano nimempigia mtu mmoja tu Hanang nzima, aliyesema mitatu ni ya watoto. Unamkumbuka?

Kwa hiyo tusilaumiane. Niliishia kidato cha pili kwa sababu mimi na mwalimu wa hesabu tulichokana, lakini siku ile wenye digrii waliniita "mtaalamu". Mtendaji wenu Hilary amenitafutia fremu ya bati hapa karibu na stendi. Ndani nimetundika picha yangu na yeye, amenishika bega. Nimetoka vizuri kuliko yeye.

Sasa shida yangu ni binti yako Monica. Tangu nihamie hapa, kila Jumamosi anakuja, anakaa kwenye jiwe mbele ya fremu yangu, peku, fimbo yako imelala magotini, mpaka nafunga. Hasemi. Nimemtania, hacheki. Nimempelekea soda, ameiweka chini mpaka kuku wameiangusha. Wateja wanaanza kunong'ona kwamba nimewekewa kitu. Mama mmoja wa Gitting amerudisha viatu vya mumewe akasema vinamwasha.

Mzee, nakuomba kwa heshima zote: mwandikie aondoke. Kama ana neno, aliseme. Kama ni laana, imalizike nijue moja.

Wako mtiifu (kwa umri tu),
Shumbana Yakubu
Fundi na Msoma Nyayo


Gerezani
9 Machi 2022

Kijana Shumbana,

Marahaba.

Anayeshika kalamu ni Mwalimu Xavery, mahabusu mwenzangu. Mimi nasema, yeye anaweka. Amenisomea barua yako mara mbili. Ya pili niliomba mwenyewe, kwa ajili ya kicheko. Humu kicheko kinaingia kwa nadra kama nyama.

Mwache Monica akae. Jiwe si lako. Hana ugomvi na wewe.

Mimi nakuuliza mambo matatu, ujibu kama fundi.

Ulinipima miguu wewe mwenyewe. Wa kushoto ulikanyagwa na nyati nikiwa kijana, kule Yaeda Chini. Tangu siku hiyo naukanyagia ukingo wa nje. Ulipoona kiatu changu cha zamani kilivyoliwa upande mmoja, uliniuliza kama natembea au nacheza. Basi niambie, unyayo wa kushoto ulioinamia pale ofisini ulikandamiza upande gani?

La pili ni Qamara. Yeye Mwiraqw, mimi Mbarbaig, na tumenusa ugoro wa kibuyu kimoja miaka kumi na minane. Wenzake walimsema, wenzangu walinisema, tukaendelea kunusa. Nilijua kila usiku analala ndani ya ofisi ile, nyuma ya kabati. Ningewasha moto juu ya kichwa chake kwa lipi?

La tatu. Ndani ya kabati lile kulikuwa na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, ulioandika kwamba bonde la Murjanda ni malisho na si mashamba. Ni nakala moja. Nilihangaika miaka mitatu mpaka ukaandikwa. Polisi wanasema niliuchoma kwa hasira kwa sababu Mtendaji anataka kuwapa bonde watu wa ngano. Mtu akisikia simba yuko nje, huchoma zizi lake?

Nimepelekwa mahakamani mara nne. Kila mara wanasema upelelezi haujakamilika, tunarudi. Gari lenyewe sasa linaijua njia bila dereva.

(Dole gumba la Gidahosh)


Katesh
2 Aprili 2022

Mzee wangu,

Shikamoo.

Nimekaa na swali lako wiki tatu kama mtu mwenye jino bovu. Nilitaka nikujibu kwa mzaha, nimeandika karatasi mbili za mzaha nikawashia moto wa gundi.

Unyayo wa kushoto ulikuwa bapa. Bapa kama chapati, mzee. Umekandamiza kote sawasawa, na ndani zaidi kidogo kwenye kidole kikubwa.

Na siku ile niliuona. Nakwambia ukweli kwa sababu uko mbali na fimbo yako anayo Monica. Niliuona, nikasema moyoni hapa pana neno. Halafu mpelelezi akaniuliza, "Una uhakika?" Watu walikuwa kama mia. Hilary alikuwa amenishika bega. Kuna mtu alikuwa anapiga picha kwa simu. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza mimi kama nina uhakika. Shuleni waliwauliza waliokaa mbele. Nikasema ninao. Neno likishatoka mdomoni mbele ya watu mia linakuwa kama kiatu kilichokwishapigwa msumari, ukiking'oa unaharibu soli.

Lakini usinifurahie mapema. Kiatu ni chako. Hapo sirudi nyuma hata kwa mjeledi, misumari yangu naijua kama meno yangu. Polisi walikuja kwako kukitafuta hawakukipata, wakasema umekitupa. Sasa wewe niambie: kiatu chako kilitembeaje usiku ule bila wewe?

Monica yupo. Jumamosi iliyopita ilinyesha mvua ya mawe nikampelekea mwavuli, akaupokea, akasogeza jiwe karibu na mlango wangu. Kila mtu akiingia yeye anaangalia chini tu. Nadhani ni huzuni. Nimeacha kumtania. Siku hizi nafanya kazi kimya, jambo ambalo dada yangu Hadiya wa Dongobesh hataliamini mpaka aje aone.

Shumbana


Gerezani
30 Aprili 2022

Kijana Shumbana,

Marahaba. Umejibu kama fundi. Leo Jumamosi tumepewa jua la uani, nimemwomba Mwalimu Xavery tukae nalo niseme hili polepole.

Siku ya kuamkia moto tulikuwa na mkutano pale ofisini, juu ya bonde. Ulikuwa wa kwanza kufanyika ndani tangu waweke marumaru. Mtendaji Hilary alisimama mlangoni akasema wafugaji wavue viatu, tunaingiza mavi ya ng'ombe. Wenye viatu vya ngozi walipita navyo. Mmoja wao alipita na tope mpaka mezani, likafutwa na Qamara nyuma yake. Sisi tulivua. Tulikuwa wazee kumi na mmoja, tukaacha jozi kumi na moja mlangoni kama watoto wa chekechea. Nilipotoka zilikuwa kumi.

Sikusema. Wenzangu walikuwa wamekwishatangulia na ng'ombe wao, na mimi nililelewa kwamba mzee haonekani peku na watu ila siku ya msiba. Nikazunguka kwa korongoni, nikafika nyumbani giza limeingia, hakuna aliyeniona. Kwa hiyo sina shahidi. Niliwaambia polisi, waliandika kwamba mtuhumiwa anadai kuibiwa kandambili. Aibu yangu na sifa zako vimesaidiana vizuri sana kunileta humu.

Monica nilimwambia. Yeye ndiye aliyenipokea mlangoni akaona miguu yangu.

Neno la mwisho. Ng'ombe wa barua anapita kwenye mashamba ya watu kabla hajafika zizini. Kila mwenye shamba humtazama mdomoni ajue amekula nini. Wewe ni mtoto wa dukani, lakini fikiri.

(Dole gumba la Gidahosh)


Katesh
18 Juni 2022, Jumamosi, saa kumi na moja jioni

Mzee Gidahosh,

Shikamoo, na shika ukuta.

Viatu vyako ninavyo.

Tulia nikusimulie, maana habari nzuri ikimezwa bila kutafunwa inakaba. Leo saa tano alikuja Joakimu, yule jamaa anayemlindia Hilary shamba na sasa anabeba dizeli ya trekta huko bondeni. (Ndiyo, trekta limeshaingia. Nilitaka kukuficha.) Alikuja na katambuga mkononi, ukanda umekatika, akazitupa mezani kwangu akasema nimfanyie haraka. Nikageuza soli. Mzee, misumari mitano ilinitazama usoni. Minne pembeni, mmoja katikati. Cha kushoto kimeliwa ukingo wa nje, mlo wako wa zamani, na juu ya mlo huo mguu wa mtu mwingine umeanza kula katikati. Hata mwalimu wa hesabu angeona.

Nikamuuliza kwa utani, kama desturi yangu, hizi za kizee umezitoa wapi. Akacheka. "Nilipewa na mkubwa nizitupe," akasema. "Sasa nani anatupa kiatu kizima?"

Nimelifikiria neno lake mchana kutwa. Mwenye viatu vya ngozi angevitupa na leo tusingekuwa na kitu. Ni maskini tu anayeweza kufungwa kwa sababu hakuona vyema kupoteza soli nzuri.

Na Monica akasimama. Tangu Februari sijawahi kumwona akisimama kabla ya jua kuzama. Hakusema neno mpaka nimempa Joakimu yeboyebo za kuondokea na kumwambia arudi Jumamosi. Alipopotea stendi, ndipo akaingia. Kumbe, mzee, binti hakuwa anahuzunika! Alikuwa anasoma miguu. Alijua kiatu kikiwa bado kinatembea, siku moja kitakatika ukanda, na kikikatika kitarudi kwa fundi aliyekikata. Alikuja kwenye jiwe lile kama mtu anayemngojea mnyama kwenye maji. Umezaa mpelelezi na mimi nilidhani ni laana.

Akasema, "Nipe, nivipeleke leo kwa Mama Rogathe." Ni yule msaidizi wa sheria wa Dongobesh. Nikakataa. Nikamwambia kiatu kikija kwa fundi ni cha fundi mpaka kazi iishe. Mzee, nielewe. Ni mimi niliyesema mbele ya watu mia, ni mimi nitakayesema tena. Kesi yako inatajwa tarehe 13 Julai. Nitaingia na mfuko, nitavitoa, nitaviinua juu, wataona wenyewe. Monica aliniomba mara tatu. Mara ya tatu hakuomba kwa mdomo. Nikamwambia aniamini.

Mpaka siku hiyo vimening'inia salama ndani ya fremu, nyuma ya tairi la trekta, chini ya ile picha yangu na Hilary. Ataviangalia yeye mwenyewe. Ha!

Ule mfano wako wa ng'ombe na mashamba sikuuelewa, utanieleza ukitoka.

Shumbana
Daktari wa Nyayo, Hanang na Mbulu


Gerezani
24 Juni 2022

Shumbana,

Mpe Monica. Leo. Usijibu barua hii.

(Dole gumba la Gidahosh)

Mzee amekataa kuongeza neno. Nilipomsomea ile yako, mwisho wake aliinuka akaenda kusimama ukutani. – Xavery


Katesh
3 Julai 2022

Mzee Gidahosh,

Shikamoo. Najua ulisema nisijibu. Sasa hakuna tena cha kuficha.

Barua yako ilifika Alhamisi. Fremu yangu iliondoka Jumanne.

Walikuja wanaume wanne na lori lisilo na namba, wakasema fremu imejengwa kwenye hifadhi ya barabara. Fremu zipo kumi na mbili kwenye mstari ule, mzee. Hifadhi ya barabara ilikuwa inapita kwenye yangu peke yake. Nilikuwa nimekwenda kununua gundi. Nimerudi nimekuta bati zimekunjwa. Zana zangu zote ziko chini. Jozi thelathini na nane za wateja ziko chini, nyingine mpya kabisa. Wamechukua jozi moja. Picha wameiacha, imekanyagwa. Niliyesoma nyayo za watu wote niliinama kusoma na zile: buti nne, soli mpya, hazijakatwa na fundi yeyote.

Joakimu Jumamosi hakurudi kuchukua viatu. Wanasema amekwenda machimboni. Mama yake hajui machimbo gani, na nguo zake zote ziko kambani.

Ng'ombe wako wa barua nimemwelewa, mzee. Nimemwelewa akiwa amekwishachinjwa.

Monica alikuja jana kama kawaida. Nilijiandaa kutukanwa, ningependa kutukanwa. Alipiga magoti akaanza kuokota misumari yangu kwenye vumbi mmoja mmoja, akaijaza kwenye kopo, akanipa. Halafu akakaa kwenye jiwe. Sijui anangoja nini sasa.

Hadiya amekuja toka Dongobesh. Amezisoma barua zako zote, kila moja amenipigia kofi, akazikunja akazitia kwenye mkoba wake akasema mimi sistahili kukaa na kitu cha mtu. Anataka nirudi naye nikauze sukari. Anasema nikinyamaza watanisahau. Ni kweli watanisahau, hilo ndilo wanalolijua vizuri. Lakini tarehe 13 ninakuja. Mikono mitupu. Sina kiatu, nina ule unyayo bapa tu, na umo kichwani mwangu peke yangu.

Wakiniuliza kama nina uhakika, safari hii nitasema nilikuwa nao wa uongo.

Shumbana


Gerezani
15 Januari 2023
Kwa mkono wa Hadiya

Mzee Gidahosh, Murjanda,

Shikamoo.

Angalia anwani hapo juu ucheke kidogo. Nimepewa kona yako. Mwalimu Xavery amenionyesha ukuta uliokuwa unauegemea, pana alama ya mgongo.

Wewe uliniona Julai, nilivyosimama kwenye benchi la wasikilizaji kabla hakimu hajamaliza kusema upelelezi haujakamilika. Hukunitazama. Nilisema yote, mguu, marumaru, jozi kumi na moja, Joakimu. Watu walicheka, halafu wakaacha kucheka. Usilojua ni la baadaye. Walinichukua maelezo mapya siku mbili. Waliniuliza kati ya maelezo haya na yale ni yapi ya uongo, nikasema yale ya kwanza, wakaniambia sawa, tia sahihi. Nikatia kwa mbwembwe kabisa, na mkia chini ya jina. Wakaniachia. Novemba Jamhuri ikasema haina nia ya kuendelea na kesi yako, maana shahidi wake amekanusha. Siku hiyohiyo nilikuja kukupokea. Wewe unatolewa mlango wa mbele, mimi nikashikwa wa nyuma. Kosa ni kutoa taarifa za uongo kwa polisi. Nimetia sahihi mwenyewe, si unaona.

Kwa hiyo kifo cha Qamara hakina mtu. Joakimu hajaonekana. Mwenye kesi katika mambo yote haya ni fundi viatu.

Dhamana ipo. Wanataka wadhamini wawili wakazi wa Hanang, kila mmoja na barua ya mtendaji wa kijiji chake. Hadiya ni wa Mbulu, amekataliwa. Wafugaji wenzako wawili walijitolea, Mungu awabariki, wakaenda kwa mtendaji wao kuomba barua. Mtendaji wao unamjua. Aliwaambia wavue viatu kwanza wakaingia, akawaambia mhuri umeungua na ofisi.

Mimi nimepelekwa mahakamani mara tano. Gari linaijua njia, ulisema kweli.

Nakuuliza moja tu. Umefika nyumbani?

Shumbana


Murjanda
4 Machi 2023

Kijana wangu Shumbana,

Marahaba.

Anayeandika ni Monica. Mimi nasema, yeye anaweka, na mengine anakataa kuweka.

Nilifika. Nyumba ipo. Bonde halipo. Limelimwa mpaka mlangoni pa zizi, ng'ombe wakitoka wanatoka wakiwa wezi. Watatu wamekamatwa kwa kula ngano, na mimi mwenyewe nimeonywa nisitembee kwenye shamba la watu. Kaburi la baba yangu limo humo ndani, wamelizunguka kwa trekta kwa heshima, hatua mbili kila upande.

Ofisi mpya imejengwa, marumaru ni nzuri zaidi. Ukutani wamebandika muhtasari mpya. Unasema mkutano mkuu ulikaa, na wazee kumi na mmoja wa wafugaji walikubali kwa hiari yao bonde liwe mashamba. Chini kuna madole kumi na moja. La saba wameandika ni langu. Monica alisoma tarehe mara tatu: 30 Aprili 2022.

Nilimwambia Mtendaji kwamba siku hiyo sikuwapo. Alinitazama kwa upole sana. "Mzee, una karatasi?"

Nimerudi nyumbani. Siku hizi natembea peku, mbele ya watu, mchana. Wenzangu wameniuliza nani amekufa, nikawaambia Qamara. Hakuna aliyekuwa amemlilia vizuri.

Ukitoka utanikatia vingine. Cha kushoto ongeza soli ukingo wa nje.

(Dole gumba la Gidahosh)

Mimi Monica naongeza langu. Lile jiwe nimelikalia tena Jumamosi. Kuna fundi mwingine pale siku hizi. Anapiga misumari miwili.


Gerezani
19 Machi 2023

Mzee Gidahosh,

Shikamoo.

Barua yenu imefika, imesomewa njiani na watu wengi, karibuni nyote.

Kuhusu huo muhtasari mpya na hiyo tarehe, sina maoni. Mimi ni fundi viatu niliyeishia kidato cha pili. Nilikumbuka tu kwamba siku hiyo ilikuwa Jumamosi, mlipewa jua la uani, ukanisimulia habari ya viatu vya wazee mlangoni. Ulisimulia vizuri.

Hadiya alikuja jana, siku ya wageni, na mkoba wake uleule. Tuliongea habari za mbuzi. Monica akipata nafasi aende Dongobesh akamsalimie, wanywe chai. Anaweza kupita na kwa Mama Rogathe, ni njia hiyohiyo.

Humu siku hizi naandikia wenzangu barua, Mwalimu Xavery macho yamechoka. Wananisifu naandika fupi.

Mguu wa kushoto, ukingo wa nje. Nimesikia.

Shumbana